Motokaa Iliyochemka

Kutoka Korogwe mpaka Handeni ni mwendo wa kilomita zipatazo 65. Siku hizi njia hiyo imetiwa lami, na mtu apandaye basi asubuhi hufika kabla jua halijawa kali. Mwaka wa 1985 haikuwa hivyo. Njia ilikuwa ya udongo na changarawe. Wakati wa masika ilikuwa matope, na wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi jekundu lililopanda juu kama moshi wa nyasi zichomwazo. Ukiisha kuvuka mto Pangani, ambao wengine huuita Ruvu, unaiacha milima ya Usambara nyuma yako, na nchi huanza kuinuka kidogo kidogo kuelekea Uzigua. Kupanda huko hakutishi macho. Aendaye kwa miguu hukujua kwa magoti yake, na injini hukujua kwa joto lake.

Katika mji wa Handeni palikuwa na mzee mmoja ambaye watu wote walimwita Karani. Alikuwa ameandika vitabu vya hesabu katika shamba la mkonge upande wa Korogwe kwa miaka mingi, na alipoacha kazi alinunua motokaa kuukuu kwa akiba yake. Ilikuwa Peugeot 404, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka wa 1967, yenye injini ya silinda nne iliyolazwa upande kama mtu aliyeegemea mto. Motokaa za namna hii zilikuwa na sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaitwayo Safari, ambayo zamani yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, ikashinda tena mwaka wa 1966, wa 1967 na wa 1968. Walioiendesha mwaka wa 1966 na 1967 ni Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania. Mwaka wa 1963 na 1968 walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya, na mara zote mbili njia ilikuwa mbaya hata zikafika mwisho motokaa 7 tu. Karani aliyahifadhi hayo yote, akapenda kuyasimulia kwa mgeni kabla mgeni hajauliza.

Lakini sifa ya mashindano haipozi maji.

Wala Karani hakuinunua motokaa ile kwa fahari peke yake, ijapokuwa fahari kidogo ilikuwapo, maana kila Jumamosi aliipangusa hata mtu akaweza kuuona uso wake mlangoni. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa kuvimba miguu, na kila mwezi alitakiwa kufika Korogwe kutazamwa na daktari. Mabasi ya siku zile yalikuwa machache, nayo yalijaa watu na mizigo. Mwanamke mzee kama yule asingaliweza kusimama ndani yake. Basi mara moja kwa mwezi walitoka alfajiri, mama kiti cha nyuma juu ya mkeka uliokunjwa, na mbele, kando ya Karani, mpwa wake, kijana wa miaka kumi na sita ambaye kazi yake ilikuwa kufungua milango, kubadili gurudumu na kuchota maji.

Siku moja ya mwezi wa Septemba walikuwa wakirudi Handeni baada ya adhuhuri. Mbele yao lilikwenda lori lililosheheni magunia ya mahindi, na kwa ajili ya vumbi hawakuweza kulipita. Wakalifuata kwa gea ya pili, pole pole, mlima baada ya mlima. Upepo wa kutoka baharini ulikuwa ukivuma nyuma yao, ukienda sawa na mwendo wao, hata ndani ya motokaa hapakuwa na hewa hata kidogo. Karani aliuona mshale wa joto ukipanda. Alijua maana yake. Lakini alijiambia kwamba lori litasimama karibu, au kwamba mlima huu ndio wa mwisho, kama wasemavyo watu wote wasiotaka kusimama. Walipokuwa wamepita Sindeni kidogo, ilitoka harufu kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, na moshi mweupe ukatokeza pande mbili za boneti. Ndipo aliposimama.

Kijana akaruka chini kabla gurudumu halijatulia. Akainua boneti, akakunja kitambaa mkononi, akashika kifuniko cha rejeta.

“Acha!” Karani akapiga kelele, lakini neno lilichelewa.

Yafaa hapa kueleza lililotokea, kwa kuwa watu wengi wamepata kovu kwa jambo hili bila kulijua. Maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka yafikapo digrii 100, au pungufu kidogo katika nchi za juu. Lakini rejeta si sufuria wazi. Kifuniko chake kina springi iyabanayo maji, na maji yakibanwa hayachemki upesi. Yaweza kupita digrii 100 nayo yangali maji. Mtu akikifungua kifuniko, kule kubanwa huisha mara moja, na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Nafasi hiyo haimo katika rejeta. Basi mvuke hutoka kwa nguvu, ukisukuma maji ya moto mbele yake, na kitambaa hakizuii kitu.

Maji yalimwagikia mkono wa kuume wa kijana, kutoka kifundo mpaka kiwiko. Alilia mara moja tu, kisha akanyamaza, akaushika mkono wake kama mtu abebaye kitu kisicho chake.

Karibu na hapo walikuwapo wanaume wawili waliokuwa wakipakia mkaa. Mmoja akasema apakwe oili. Wa pili akasema hapana, unga wa mahindi ndio dawa. Wakati huo alikuwa akija mwanamke mmoja na ndoo ya maji kichwani. Akasimama, akatazama, akaitua ndoo.

“Msimpake kitu,” akasema. “Lete mkono, mwanangu.”

Akachukua kata, akaanza kummiminia maji juu ya mkono, pole pole, kata baada ya kata. Wale wanaume walimtazama bila kusema neno.  Alimimina muda mrefu, kadiri ya kumenya mihogo ya nyumba nzima, wala hakupunguza mpaka kijana aliposema kwamba moto umeshuka. Ndivyo wafundishavyo waganga wa hospitali mpaka leo: mkono uliounguzwa utiwe maji ya baridi kwa muda wa dakika ishirini, wala usipakwe mafuta, wala unga, wala dawa ya meno. Mwanamke yule alijifunza wapi, hakuna aliyemwuliza.

Ilipokwisha kazi hiyo, ndoo ilikuwa na maji yasiyofika nusu. Karani aliitazama ndoo, kisha akaitazama motokaa, kisha akatazama chini. Msomaji asiyezaliwa katika nchi kavu huenda asione uzito wa jambo hili. Bomba la kupandisha maji ya Pangani mpaka Handeni lilijengwa katika miaka ya 1970, lakini halikufika kila kijiji, na watu wengi walikwenda malamboni kama mama zao walivyokwenda. Mwezi wa Septemba lambo huwa limerudi nyuma, matope ni mengi kuliko maji, na mtu hungoja zamu yake.

Mama yake Karani alikuwa amekaa ndani wakati wote, mlango ukiwa wazi, miguu yake imenyoshwa juu ya kiti. Akanena kwa sauti ndogo, “Omba, mwanangu. Aibu haitatufikisha nyumbani.”

“Mama,” Karani akamwambia yule mwanamke, “maji haya umeyatoa mbali?”

“Nimetoka nyumbani jua lilipokuwa utosini.” Sasa jua lilikuwa limeinama. “Chukueni. Yaliyobaki si ya kupikia wala ya kuoga. Kesho nitarudi lambo.”

Hata hivyo hawakuyatia mara moja. Karani alijua neno moja la motokaa, nalo ni hili: chungu kilichotoka motoni kikitiwa maji ya baridi hupasuka. Kichwa cha injini ya Peugeot ile ni cha alumini, na alumini iliyopata moto kupita kiasi, ikapozwa kwa ghafula, hupinda au hupata ufa. Basi walingoja kivulini zaidi ya saa moja, mpaka mkono uliweza kukaa juu ya rejeta bila kuondolewa. Ndipo walipoyatia, kidogo kidogo. Mwanamke aliichukua ndoo yake tupu akaenda zake. Wao walifika Handeni usiku, wakisimama kila baada ya mlima mmoja.

Tangu siku ile Karani alipata walimu wengi. Habari ya motokaa inayochemka ni kama habari ya mtoto mwenye homa: kila apitaye ana dawa yake. Dereva mmoja wa lori alisema, “Toa thamostati. Ndiyo inayoziba.” Thamostati ni mlango mdogo ulio katika njia ya maji, injini ikiwa baridi hujifunga ili ipate joto upesi, na injini ikipata joto hufunguka ili maji yaende kwenye rejeta. Karani akaitoa, akaiweka katika kopo la kahawa. Motokaa ikachemka vilevile. Mwingine alisema rejeta imeoza. Rejeta ikafunguliwa, ikasafishwa, ikalehemiwa, na mbuzi wawili wa Karani wakauzwa kulipa gharama. Motokaa ikachemka. Wa tatu alisema gasketi ya kichwa cha injini imekufa, na gasketi mpya haikupatikana Handeni wala Korogwe wala Tanga. Siku zile vipuri vilikuwa adimu katika Tanzania nzima, kwa kuwa nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Mtu aliweza kuweka motokaa juu ya mawe mwaka mzima akingojea kitu kinachoingia katika kiganja cha mkono. Wa nne hakusema habari ya injini. Alisema motokaa ina mkono wa mtu, akatazama upande wa nyumba ya jirani.

Akaja pia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Akaizunguka motokaa mara mbili, akataja bei yake kwa kilo.

Katika hayo yote Oktoba ilipita, na Novemba ikapita, na mama yake Karani hakufika Korogwe. Miguu yake ilikuwa sasa imevimba hata viatu vilikataa, akawa avaa kandambili za mjukuu wake mkubwa. Hakulalamika. Lakini kila asubuhi aliwauliza kama mvua imenyesha upande wa Korogwe, na Karani alijua kwamba hakuwa akiulizia mvua.

Mwanzo wa Desemba Karani alikwenda kumwona fundi mmoja mzee ambaye karakana yake ilikuwa karibu na stesheni ya Korogwe. Mji huu umezoea mashine tangu zamani. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa na Wadachi mwaka wa 1893, ilifika Korogwe mwaka wa 1902, na mashamba ya mkonge nayo yalikuwa na reli zao ndogo za kuchukulia majani. Fundi yule alijifunza kazi kwa vile vigari vya mkonge alipokuwa kijana, na watu walisema kwamba aliuliza maswali mengi kama hakimu.

Karani na mpwa wake waliondoka Handeni kungali giza, wakafika Korogwe jua likichomoza.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Mliniletea habari ya motokaa inayochemka. Hii naiona haikuchemka.”

“Ni asubuhi, Mzee. Kuna baridi, tena njia inashuka.”

“Vema,” fundi akasema, akaketi juu ya gurudumu. Hakushika spana. “Umekwisha kunijibu swali la kwanza. Sasa niambie: huchemka ukienda kasi, au ukienda pole pole?”

Karani alifikiri. “Pole pole. Tukipanda mlima. Na tukisimama, injini ikiwa inakwenda.”

“Na katika njia iliyo sawa, ukikimbia?”

“Mshale hutulia.”

“Asubuhi uiwashapo, kifuniko kikiwa wazi na injini ingali baridi, maji hutoa mapovu?”

“Hapana.”

“Oili yako ina rangi ya maziwa?”

“Hapana, Mzee. Nyeusi, kama oili.”

“Basi gasketi ni nzima. Ingalikuwa imepasuka, moshi wa petroli ungalipenya katika maji, ukatoa mapovu hata asubuhi. Au maji yangalipenya katika oili. Na pampu yako yasukuma vizuri, na rejeta haikuziba, maana motokaa iliyoziba huchemka zaidi ikikimbia, kwa kuwa hapo ndipo petroli nyingi inapoungua.” Akamtazama kijana. “Wewe, mwanangu. Petroli ikiungua, joto lake lote hugeuka mwendo?”

Kijana akatikisa kichwa kwa kutojua.

“Sehemu ndogo tu. Nyingi yake hupotea: nyingine hutoka kwa bomba la moshi, nyingine huingia katika chuma. Hiyo iliyoingia katika chuma huchukuliwa na maji, na maji huipeleka katika rejeta, na hapo huchukuliwa na upepo. Maji ni mpagazi tu. Mwisho wa safari mzigo hupokewa na upepo. Motokaa ikikimbia, upepo huja wenyewe. Ikienda pole pole, na upepo wa nchi ukiwa nyuma yako, hauji, sharti uvutwe. Nani huuvuta?”

“Feni,” kijana akajibu.

“Feni inazunguka, Mzee,” Karani akasema haraka. “Nimeitazama mara nyingi. Mkanda ni mzima.”

“Sikusema haizunguki.”

Wakaenda kwanza katika barabara ya Mombo, ambayo ni tambarare, wakakimbia kilomita kumi na kurudi. Mshale haukusogea. Kisha fundi akaisimamisha motokaa chini ya mwembe mbele ya karakana, injini ikiwa inakwenda, nao wakangoja. Baada ya robo saa mshale ulianza kupanda. Feni ilikuwa ikizunguka mbele ya macho yao, na Karani alinyosha kidole kuionyesha, lakini fundi hakumtazama. Alimwomba kijana karatasi moja ya daftari. Akaenda mbele ya motokaa, akaishika karatasi usoni pa rejeta, upande wa nje ambako vidole viko salama na mapanga ya feni, kisha akaiachia.

Karatasi ikaanguka chini.

Akaiokota bila neno, akaenda kwenye lori lililokuwa likingoja kazi nyingine, akaamuru liwashwe, akafanya vilevile. Karatasi ikajibandika usoni pa rejeta kama stempu katika barua.

“Sasa umeona,” fundi akasema. “Yako inazunguka kama mtu anayetembea usingizini.”

Hapo ndipo alipotwaa spana. Kwa maana Peugeot hizi zilikuwa na akili moja ambayo motokaa nyingine nyingi za zamani hazikuwa nayo. Katika motokaa nyingi feni imefungwa na puli ya pampu, ikizunguka wakati wote hata siku ya baridi, ikila nguvu ya injini bure. Wafaransa waliona kwamba hiyo ni hasara. Wakaiweka feni huru juu ya puli, na kati ya viwili hivyo wakatia sumaku ya umeme. Maji yakiwa na joto la kiasi, feni hujiburura tu polepole bila kazi. Joto likizidi digrii 80 na kitu, swichi ndogo inayoguswa na maji hufunga njia ya umeme, sumaku huivuta feni, nayo hushikamana na puli na kuzunguka kwa nguvu. Maji yakipoa, huachiliwa tena. Umeme hufika kwa sumaku hiyo kwa kipande kidogo cha kaboni, kinachogusa pete inayozunguka. Na kaboni, kama chaki ubaoni, hulika.

Fundi akakitoa kipande hicho, akakiweka katika kiganja cha Karani. Kilikuwa kimebaki kadiri ya punje ya mchele.

Karani alikitazama muda mrefu. “Mbuzi wangu wawili,” akasema.

“Waliokushauri hawakukudanganya,” fundi akajibu. “Kila mmoja alikuambia ugonjwa alioupata yeye.”

Kaboni mpya haikuwapo Korogwe. Mwanafunzi mmoja wa karakana akasema kwamba aweza kuchonga nyingine kutokana na ule ujiti mweusi ulio ndani ya betri ya tochi, na kwa kweli watu hufanya hivyo. Fundi akakataa. “Labda itafika Handeni, labda itafika Misima tu. Huyu ana mgonjwa.” Kisha akawaonyesha kitu ambacho watengenezaji wenyewe walikifikiria. Katika kitovu cha feni mlikuwa na skrubu tatu. Kazi yake ya kila siku ni kupima nafasi iliyo kati ya feni na sumaku. Lakini sumaku ikifa njiani, skrubu hizo zikikazwa mpaka ndani, zote tatu kwa kadiri moja, feni hushikamana na puli moja kwa moja, kama ilivyo katika motokaa nyingine. Petroli itazidi kidogo, na ngurumo ya upepo itasikika. Akazikaza. Injini ikawashwa, na karatasi ikarudishwa mahali pake. Ikajibandika.

Wakangoja chini ya mwembe nusu saa nzima, katika jua la saa sita. Mshale ulipanda ukafika mahali pake, ukakaa.

Fundi hakuwaacha waende bado. Alitaka kuiona ile thamostati. Bahati njema kijana alikuwa amelichukua lile kopo la kahawa. Fundi akaitia thamostati katika sufuria ya maji, akaiweka juu ya jiko la mkaa, na wote wakainama kutazama. Kabla maji hayajachemka, ule mlango mdogo ulifunguka wenyewe, na maji yalipopoa ukajifunga. “Nzima,” akasema. “Mrudishie kazi yake. Injini isiyo nayo hukaa baridi mno njia ikiwa tambarare, ikala petroli na kuchafua oili.” Mwisho akachukua mpira wa maji, akaiosha rejeta kutoka upande wa injini kuelekea nje, na mbegu za nyasi na mabawa ya panzi yakatoka mengi ajabu. Ujira aliotaka ulikuwa mdogo kuliko bei ya mbuzi mmoja.

Walipokuwa tayari kuondoka, Karani alikwenda dukani akarudi na madebe mawili matupu. Wakayajaza maji katika bomba la karakana, wakayafunika kwa majani ya mgomba yasimwagike, wakayaweka nyuma, juu ya ule mkeka uliokunjwa.

Njiani upepo ulikuwa nyuma yao tena, na tena palikuwa na lori mbele. Karani hakujaribu kulipita. Aliendesha kwa gea ya pili, jicho moja katika vumbi na jicho moja katika mshale, na feni ilinguruma mbele yake kama jiwe la kusagia. Walipopita Sindeni akakata kando, akasimama mahali pale pale. Hakuizima injini.

Kuulizia nyumba ya mwanamke yule hakukuchukua muda, maana kijijini habari ya mkono wa kijana ilikuwa ingali ikisimuliwa. Walimkuta akichambua maharagwe uani na watoto watatu. Kijana alikuja mbele na debe la kwanza begani, akalitua, akanyosha mkono wake kumwamkia. Yeye hakuushika mkono kwanza. Aliugeuza juu na chini akilitazama kovu, ambalo lilikuwa laini, lenye rangi nyepesi kuliko ngozi nyingine.

“Limepona vizuri,” akasema. “Na gari?”

“Limepona,” Karani akajibu. “Mama, siku ile ulikwenda na ndoo tupu. Watoto walikula nini?”

Mwanamke akacheka kidogo, akawatazama wanawe. “Walikula mihogo ya kuchoma. Hiyo haitaki maji.”

Karani akanyamaza. Kijana naye akageuka, akarudi njiani kulichukua debe la pili. Motokaa ilikuwa ikinguruma peke yake chini ya mti, boneti imefungwa, jua likiipiga. Kabla hajalishika debe, alifungua mlango wa mbele, akaingiza kichwa, akautazama mshale.

Ulikuwa mahali pake.